Mashine Inaona Chembe Zisizokuwepo: Utatuzi wa Matatizo ya Kipimo cha Leza, Kigoma

"Kaka, shikamoo. Leza imekufa."

"Marahaba mdogo wangu. Umepima maji matupu?"

Kimya.

Mazungumzo haya nimeyafanya kwenye simu mara nyingi mno, nikaona bora niyaandike. Wanaonipigia ni vijana wa maabara hapa Kigoma na wenzao wachache wa Tabora, wanaotafuta chembe ndogo ndani ya maji: udongo wa Mto Malagarasi, mwani wa Ziwa Tanganyika, mabaki ya plastiki, tope la brini (maji ya chumvi nyingi) ya Uvinza. Kimya chao hakidumu. Baada ya nusu saa huja ujumbe wa pili: "Kaka, hata maji matupu yana chembe," yaani maji safi yasiyotiwa sampuli yoyote. Basi leza ni nzima. Leza inayoona chembe pasipotakiwa kuwa na chembe inafanya kazi yake sawasawa, na kosa litafutwe kwingine.

Mashine ninazozungumzia ni mbili. Ya kwanza hupitisha leza nyekundu, nanomita 633 (nanomita ni milimita moja ikigawanywa kwa milioni), katikati ya kikasha kidogo cha kioo au plastiki tunachokiita kuveti, kisha kihisio hukusanya mwanga uliotawanywa na chembe. Chembe ndani ya maji hazitulii, molekuli za maji huzisukuma huku na huko. Ndogo hucheza haraka, kubwa hucheza polepole, na mwanga unaorudi humetameta kwa kasi hiyohiyo. Kompyuta husoma mmetameto huo na kuugeuza kuwa ukubwa. Mashine ya pili ni ya Raman, ina leza ya kijani ya nanomita 532, nayo haijali sana ukubwa. Huchambua mwanga uliobadilika rangi baada ya kugusa molekuli, ikakuambia kitu chenyewe ni nini. Jina limetokana na Mhindi C. V. Raman, aliyeutangaza mwanga huo mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, wakati leza hazikuwepo kabisa. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960.

Kuna hesabu moja inayoeleza nusu ya matatizo yote yanayofuata. Kwa chembe ndogo sana, nguvu ya mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha sita cha kipenyo: kipenyo mara kumi, mwanga mara milioni. Maana yake, chembe moja ya nanomita 100 hutawanya mwanga sawa na chembe milioni moja za nanomita 10. Vumbi likidondoka humo ni mpiga ngoma aliyeingia kwenye chumba cha watu wanaonong'ona. Wanong'onaji bado wapo, ila huwasikii.

Kabla ya namba, soma mchoro

Vijana hukimbilia namba ya ukubwa iliyoandikwa kwa herufi nene. Iache kwanza. Fungua mchoro wa korelesheni, unaoonyesha mmetameto unaendelea kufanana na wenyewe kwa muda gani, ule unaoanza juu kushoto na kuteremka kulia. Mchoro mzuri huanza karibu na 0.9, hukaa juu kidogo, kisha huteremka mara moja, laini, mpaka chini, na hubaki chini. Ukiwa na mkia unaoyumbayumba upande wa kulia, ndani kuna vumbi, kiputo au chembe kubwa zinazozama. Ukianzia 0.3 au 0.4 badala ya 0.9, kuna mwanga usiotokana na mtawanyiko wa kawaida unaoingia kwenye kihisio, au sampuli imekolea mno, au chembe ni chache kiasi kwamba mashine inapima giza. Ukiteremka kwa ngazi mbili, una makundi mawili ya chembe, moja dogo na moja kubwa, na namba moja ya wastani haina maana yoyote hapo.

Nimeona ripoti zenye namba za kupendeza, desimali mbili, zilizotoka kwenye mchoro unaofanana na barabara ya Kalinzi wakati wa masika.

Dalili: maji matupu yana chembe

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo siku zinapopotea.

Shuku chupa kwanza. Maji yaliyokenekwa yakikaa wiki mbili kwenye chupa ya plastiki dirishani, na jua letu hili, hayawi matupu tena. Bakteria huota humo bila kubadilisha rangi wala harufu. Wengi wana urefu wa nusu mikromita hadi mikromita mbili, kwa hiyo ukiona kilele (mwinuko kwenye mchoro wa ukubwa) kati ya nanomita 500 na 2,000 kwenye maji matupu, usitafute mbali. Mwaga. Chukua maji mapya, yapitishe kwenye kichujio cha sirinji cha mikromita 0.2, upime tena.

Vichujio navyo vina uchafu wao. Kichujio kipya hutoa nyuzi na mabaki ya kiwandani katika mililita ya kwanza, hivyo hiyo hutupwa. Kijana mmoja aliniuliza kama si kupoteza maji. Nikamwambia maji tunayo, ziwa lile pale.

Kisha kuveti. Ishike kwa juu, kwenye pembe, kamwe si kwenye nyuso unakopita mwanga. Na hapa Kigoma nina sharti la ziada ambalo hutalikuta kwenye kitabu cha mashine yoyote: aliyekula mgebuka wa mawese mchana anaosha mikono kwa sabuni mara mbili ndipo aguse vyombo. Msinicheke. Mafuta ya mawese hubaki kwenye vidole hata ukijifuta, na yakiingia majini hugawanyika kuwa matone madogo sana ambayo leza huyaona vizuri kuliko kitu kingine chochote. Tumewahi kupata kilele kizuri cha nanomita 300 kilichokuwa kinatokea kuanzia saa nane mchana tu. Asubuhi hakipo. Tulichukua siku tatu kuhusisha kilele na chakula cha mchana.

Glavu zenye unga ndani ni mtego wa aina hiyohiyo. Unga ule kwa kawaida ni wanga wa mahindi, chembe zake huwa za mikromita kadhaa na kuendelea, na humwagika kila ukivuta glavu. Tumia zisizo na unga.

Usikaushe kuveti kwa karatasi ya chooni wala kitambaa cha pamba, huacha nyuzi. Isuuze kwa maji yaliyochujwa mara tatu, iinamishe juu ya sehemu safi, iache ikauke yenyewe chini ya kifuniko. Kifuniko ni lazima. Kuanzia Juni mpaka Septemba, upepo wa kusi ukianza, vumbi letu jekundu hupita hata kwenye tundu la ufunguo, na dirisha la maabara likiachwa wazi "ili hewa ipite," kuveti iliyo wazi hujaa kabla hujamaliza kuandika jina la sampuli.

Kuveti za plastiki hukwaruzika baada ya kutumika mara chache, na mkwaruzo nao hutawanya mwanga. Kama kilele hubaki palepale hata ukibadilisha maji, badilisha kuveti.

Dalili: unapima mara tatu, unapata majibu matatu

Tazama kuveti dhidi ya mwanga. Mara nyingi utaona viputo vimeng'ang'ania ukutani. Sampuli iliyotoka kwenye friji ya nyuzijoto 4 imeshika hewa nyingi kuliko maji ya nyuzijoto 25 yanavyoweza kushika, na ikipata joto hewa hiyo hutoka. Sampuli ikae nje saa moja au zaidi ndani ya chupa yake iliyofungwa, uigeuze polepole mara kadhaa, ndipo umimine. Usiitikise. Kutikisa huongeza viputo, na kumimina ukiwa umeinamisha kuveti huvipunguza.

Kama si viputo, ni kuzama. Hesabu iko wazi: punje ya udongo yenye kipenyo cha mikromita 2 huteremka sentimita moja kwa takriban dakika 40, lakini punje ya mikromita 10 huteremka sentimita hiyohiyo kwa chini ya dakika mbili. Sasa chukua maji ya Malagarasi pale Ilagala mwezi Machi, yakiwa rangi ya chai ya maziwa, uyaweke kwenye mashine. Kipimo cha kwanza kitakuta kila kitu, cha pili kitakuta nusu, cha tatu kitakuta udongo mwembamba tu uliobaki juu. Majibu matatu, na yote ni kweli kwa dakika yake. Mashine hii si ya chembe kubwa. Acha maji yatulie kwa muda unaoujua na unaouandika, chota sehemu ya juu, na useme wazi kwenye ripoti kwamba umepima kilichobaki kikielea. Kilichozama kipime kwa kuchuja na mizani.

Mtikisiko upo pia. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, ikikaa meza moja na leza, mchoro huota meno. Jenereta ikiwa nyuma ya ukuta, vilevile. Jaribu kupima shanga za kipimo, nitazieleza mbele, jenereta ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa.

Dalili: maji machafu zaidi yanaonyesha chembe ndogo zaidi

Hii huwachanganya hata wenye shahada. Unachukua maji ya mto, unapata nanomita 180. Unayazimua mara kumi, unapata 310. Unayazimua mara mia, unapata 320. Chembe zimekua?

Hazikukua. Sampuli ikikolea, mwanga uliotawanywa na chembe moja hugonga nyingine, na nyingine tena, kabla ya kutoka. Mmetameto unakuwa wa haraka kupita kiasi, na kompyuta, isiyojua kilichotokea, inadhani chembe ni ndogo. Zimua mpaka namba iache kubadilika. Katika mfano huu jibu liko karibu na 320, na lile la 180 litupwe.

Lakini uzimue kwa maji gani? Wengi huchukua maji yaliyokenekwa na hapo huharibu sampuli kwa mkono wao. Udongo mwembamba hubeba chaji ya umeme, na chumvi zilizoyeyuka ndizo zinazoamua kama punje zitashikana au zitakimbiana. Maji ya Tanganyika yana chumvi ya kutosha, upitishaji wake wa umeme ni kama mikrosimensi 670 kwa sentimita. Ukiyamwagia maji yasiyo na chumvi hata kidogo, mafungu yaliyokuwa yameshikana yanaweza kuachana, nawe ukaripoti chembe ambazo hazipo ziwani. Chukua maji ya mahali palepale, yachuje vizuri, hayo ndiyo ya kuzimulia.

Brini ya Uvinza ina kisa chake. Chumvi ikikolea mpaka inakaribia kuganda, mnato wa maji hupanda hadi karibu mara mbili ya maji matupu. Programu ikiwa imewekwa "maji," mashine huona chembe zikitembea polepole na kuzipa ukubwa ambao si wake. Ingiza mnato na kipindisho cha mwanga cha brini yenyewe. Bila hivyo usitoe namba.

Dalili: shanga za nanomita 100 zinasoma 83

Shanga za polistireni ndizo hakimu. Ni vitufe vya plastiki vya ukubwa unaojulikana, vinauzwa kwenye chupa ndogo yenye cheti. Zikisoma sawa, mashine haina kosa, uendelee kujishuku mwenyewe.

Zikisoma ndogo, tazama joto. Mnato wa maji hushuka kwa takriban asilimia 2 kila nyuzijoto moja inapopanda. Chumba chetu mchana kina nyuzijoto 27. Kama mashine ya zamani isiyo na kidhibiti joto, au iliyo nacho lakini kimezimwa, inahesabu kana kwamba maji yako kwenye nyuzijoto 20, shanga ya 100 itasoma 83. Nimezitaja namba hizi kwa makusudi, zipige mwenyewe ukitaka: nyuzi saba tu zimekula asilimia 17. Weka kidhibiti kwenye 25, subiri dakika tano baada ya kuingiza kuveti, uthibitishe kwa kipimajoto cha pembeni angalau mara moja kwa mwezi.

Zikisoma kubwa kidogo, tuseme 104 au 106, uliza zimezimuliwa kwa maji gani. Kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, wingu la chaji linalozunguka kila shanga hutanuka na kuifanya itembee kama iliyo nene zaidi. Tumia chumvi ya mezani isiyo na viongezeo, milimoli 10 kwa lita, yaani takriban gramu 0.58, na uichuje. Zikisoma 150 au 200, zimeshikana. Pengine ziliganda kwenye friji. Zikishaganda hazirudi. Chupa hiyo itupwe, na friji irekebishwe isishuke chini ya nyuzijoto 2.

Dalili: jana maji yalikuwa maangavu, leo yana ukungu

Mwaka fulani tulichota maji ya kina kirefu, kamba ikashuka zaidi ya mita 200. Tanganyika ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, linafika takriban mita 1,470, na maji yake ya chini hayachanganyiki ovyo na ya juu. Huko chini hakuna oksijeni, na kuna hidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Chupa zilipofika mwaloni Kibirizi maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Tulizifungua, tukagawana, tukapeleka maabara, tukala, tukalala. Asubuhi kila chupa ilikuwa na weupe mwepesi, kama mtu ametia tone la maziwa, na leza iliona chembe za mamia ya nanomita kwa wingi wa kutisha. Mwenzangu aliandika kwenye daftari "chembe nyingi kina kirefu." Sentensi hiyo ilikaa humo miezi minne.

Chembe zile hazikutoka kina kirefu. Tulizitengeneza sisi, juu ya meza. Hidrojeni salfaidi ikikutana na oksijeni ya hewa hubadilika, na sehemu yake huwa salfa tupu isiyoyeyuka, punje ndogondogo nyeupe zinazoelea. Dawa ni kujaza chupa ya kioo mpaka ifurike, kuifunga bila kuacha hewa juu, kuiweka gizani na kwenye barafu, na kupima siku hiyohiyo. Kama chupa ilishafunguliwa jana, sampuli hiyo haina tena ushahidi.

Maji ya visima yenye chuma hufanya jambo la aina hiyo kwa rangi nyingine: yanatoka bombani maangavu, yanakaa, yanageuka hudhurungi. Chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa kikawa kutu inayoelea.

Maji ya juu ya ziwa nayo yana desturi yake. Yana pH karibu 9, yamebeba kabonati nyingi, na ukiyapasha joto au ukiyaacha kwenye boneti la gari kutoka Bangwe, chokaa huanza kuganda ndani ya chupa. Kuna namna rahisi ya kuthibitisha. Gawa sampuli mbili, moja itie tone moja la asidi hidrokloriki dhaifu. Ukungu ukitoweka, ulikuwa chokaa. Ukibaki, si chokaa, endelea kutafuta. Jaribio hilo ni la kutambua tu, sehemu iliyotiwa asidi isirudi kwenye mashine.

Sampuli za Tabora, za Bwawa la Igombe kwa mfano, hutufikia kwa treni. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914 na bado ndiyo inayotubebea nusu ya mizigo, lakini behewa si friji. Usiku kucha chupa zinatikisika, mchana zinapikwa, mwani uliokuwa hai umekufa na kupasuka, vipande vyake vimekuwa chembe mpya. Nimewaambia wenzangu wa kule wapime papo hapo hata kwa kipima ukungu cha mkononi, ndipo watume. Namba ya papo hapo ikitofautiana sana na ya kwangu, ya kwao ndiyo ya kuaminiwa.

Dalili: kila sampuli ina plastiki

Nafika kwenye aibu yangu. Tulipopata mashine ya Raman, jambo la kwanza tulilolitafuta lilikuwa plastiki ziwani. Tukaweka maji kwenye kuveti, tukawasha leza ya kijani, na huo hapo, mstari mwembamba uliosimama kwenye 1001 (namba hizi za Raman ni idadi ya mawimbi kwa sentimita): polistireni, bila shaka yoyote. Sampuli ya Katonga, ipo. Ya Ujiji, ipo. Ya katikati ya ziwa, ipo, tena nguvu ileile. Hapo ndipo mzee mmoja wa usafi wa maabara, aliyekuwa akitusikiliza siku zote, akauliza: "Na hivyo vibox vyenu ni vya nini?"

Vilikuwa vya polistireni. Kuveti za kutupa. Leza ilikuwa inapima ukuta.

Tangu siku ile Raman hupimwa kwenye kuveti ya kwatzi, na maji matupu hupimwa kwanza kwenye kuveti ileile. Tena usihukumu kwa mstari mmoja. Protini za mwani na bakteria zina mstari karibu na 1003, jirani kabisa na ule wa polistireni, kwa hiyo nenda utafute na wa 3054 kabla hujatangaza. Polithini, ya mifuko na ndoo, tafuta jozi ya 2848 na 2882.

Hata hivyo, kwa maji ya ziwa hili kuveti si mahali pa kutafutia plastiki. Mwanga wa Raman ni hafifu mno, takriban chembe moja ya mwanga katika milioni kumi, na vipande vya plastiki ni vichache ndani ya maji mengi. Chuja lita kadhaa, hamishia mabaki kwenye kipande safi cha alumini, yaache yakauke, uyaangalie moja moja chini ya hadubini ya mashine. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo.

Dalili: spektra (mchoro wa Raman) ni mlima mmoja, mistari haionekani

Huo ni mng'ao wa vitu vya kimaumbile, ambao wataalamu huuita fluorisensi. Maji ya kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, na asidi zake huwaka zikipigwa leza ya kijani. Mwani una klorofili inayong'aa karibu na nanomita 685. Maji yenyewe pia yana kilima chake, kipana, karibu na nanomita 650 kwa leza ya 532, na hicho kisikutishe, ndicho kinachokuambia kwamba mashine inaona maji.

Kuna njia tatu. Acha leza imulike sehemu ileile dakika kadhaa, mng'ao mara nyingi huchoka na kupungua ilhali mistari ya Raman hubaki. Au safisha chembe zilizochujwa kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, polepole, joto lisizidi nyuzi 60, ndani ya kioo, ukiwa na miwani na glavu, kwa kuwa hula ngozi kama inavyokula mwani. Au azima mashine yenye leza ya nanomita 785, inayoamsha mng'ao kidogo zaidi. Mistari ikionekana imehama yote kwa pamoja, sampuli haina hatia: pima kipande cha silikoni, mstari wake usimame 520.7, ndipo urudi.

Dalili: hakuna mwanga kabisa

Mlango wa mashine haujafunga vizuri na swichi ya usalama imekata leza. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Zinazofuata ni kifuniko cha njia ya mwanga kilichosahaulika, na umeme uliokatika usiku ukarudi na nguvu ya ajabu. Stabilaiza na betri ya akiba si anasa kwetu. Umeme ukirudi, subiri nusu saa leza ipate joto lake kabla ya kuamini namba yoyote.

Usichungulie kuona kama leza inawaka. Weka kipande cha karatasi nyeupe kwenye njia yake ukiwa umevaa miwani ya leza hiyo. Na zile kalamu za leza za kijani za bei rahisi, ambazo walimu hupenda kuonyeshea mwale ndani ya glasi ya maji yenye tone la maziwa, nyingine huvujisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni wala halikimbii.

Wakati wa kumwita fundi

Shanga mpya, zilizozimuliwa vizuri, kwenye nyuzijoto 25, kuveti safi, umeme umetulia, na bado zinasoma vibaya kwa siku mbili mfululizo. Au shanga zilezile, mkolezo uleule, ila mashine inafungua kipunguza mwanga zaidi na zaidi kila mwezi ili ipate mwanga uleule: hapo leza inazeeka kweli, au kioo cha ndani kimeingia vumbi. Mtumie fundi mchoro wa korelesheni wa shanga, wa maji matupu, joto la chumba, na namba ya mwanga ya mwezi huu na ya miezi sita iliyopita. Anatoka Dar es Salaam mpaka huku mwisho wa reli, na kifuniko akikute na stika yake haijabanduliwa.